Magitaa matatu barazani, fedha ya moja

Jumamosi moja ya Septemba magitaa matatu ya umeme yalikuwa yamelala mkekani barazani kwangu, Isevya, hapa Tabora mjini, na mwalimu wa kwaya alikuwa na fedha ya kununua moja tu. Mpwa wangu, ambaye ndiye angepiga solo kanisani, alichagua kabla hajavua viatu.

"Shikamoo mjomba. Ni hili."

"Marahaba. Umelisikia?"

Akacheka. Alikuwa ameliona, basi.

Nilipiga ridhimu kwenye bendi za harusi kwa miaka mingi, na ufundi nimeupata kwa shida, maana gitaa likiharibika hapakuwa na wa kumpelekea. Siku hizi wananiletea mimi. Karibu kila anayekuja ameshanunua. Nikimwonyesha shingo iliyopinda ananionyesha jina lililoandikwa kichwani, kana kwamba jina litainyoosha. Hawa walau walikuja kabla fedha haijatoka mfukoni, kwa hiyo nikaamua siku ile tuyapime yote matatu kwa mpango mmoja. Nayaeleza hapa kwa majina tuliyoyapa wenyewe, kwa sababu majina ya kiwandani niliyafunika kwa plasta ya hospitali kabla ya kuanza.

Jekundu lilikuwa jipya, limefika kwa basi kutoka Dar, shilingi laki nne na nusu pamoja na mfuko na kebo. Umbo lake ni la Stratocaster, lile lenye pembe mbili ambalo Fender walilitoa mwaka 1954 na dunia nzima ikaliiga. Pikapu tatu za koili moja moja. (Pikapu ya gitaa, siyo ya kubebea magunia: ni sumaku zilizozungushiwa koili, yaani mzingo wa waya mwembamba, ndizo zinazonasa mtikisiko wa nyuzi.) Rangi yake unaweza kujitazama ukanyoa ndevu.

Mzee lilikuwa jeupe zamani. Sasa lina rangi ya samli. Limepita bendi ya dansi, likapita harusi, pale mkono wa kulia unapoegemea rangi imekwisha na mti unaonekana. Pikapu mbili za koili moja na moja ya koili mbili karibu na daraja, kile chuma kinachoshika nyuzi mwilini. Mwenye nalo alitaka laki sita na hakutaka maneno mengi.

Mninga ni kazi ya hapahapa. Seremala wa makabati alikata mwili kwenye kipande cha mninga kilichobaki, akafunga shingo iliyotoka kwenye gitaa lililovunjika, na pikapu mbili za koili mbili kutoka hukohuko. Halikupakwa rangi, limepakwa mafuta tu. Laki tatu. Mwalimu wa kwaya aliligeuza mara mbili akasema linafanana na mbuzi ya kukunia nazi. Sikumbishia.

Tukaanza bila umeme. Watu wengi hukimbilia kuchomeka, amplifaya inawadanganya. Gitaa la umeme likipigwa kavu, ukikaza taya yako juu ya ubavu wake, linakueleza karibu kila kitu kuhusu ufungaji wake. Bonyeza uzi wa tatu kwenye freti ya 12 (freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo), upige mara moja, uache, uhesabu. Jekundu lilifika nne sauti ikazimika, kama mtu aliyezibwa mdomo. Mzee lilipita tisa. Mninga nalo lilipita tisa, na ubavuni ulisikia mti wote unatetemeka.

Mpwa wangu akauliza kama ni kwa sababu ya mninga. Hapa Tabora tunaujivunia mti huo, na mimi ni mmojawapo. Kitanda changu ni mninga, mlango wangu ni mninga. Lakini kwa gitaa la umeme mimi naweka mti nyuma ya mambo mawili: jinsi shingo inavyokutana na mwili, na jinsi daraja linavyokaa. Tukageuza Jekundu. Pale shingo inapoingia kwenye mwili palikuwa na pengo, ukucha wangu unapita. Nyuzi zinavuta huku, shingo inacheza kule, mtikisiko unafia katikati. Nilikaza skrubu zake nne, hesabu ikapanda hadi sita. Seremala wa Mninga, ambaye hajawahi kupiga hata noti moja, alikuwa amechonga tundu la shingo likabana kama droo ya kabati zuri. Hiyo ndiyo siri yake yote.

Kuna kisa nilimsimulia kijana palepale. Mmarekani Les Paul, karibu na mwaka 1940, alichukua boriti la inchi 4 kwa 4, akalifunga shingo, nyuzi na pikapu. Lilitoa sauti aliyoitaka. Baadaye yeye mwenyewe alisimulia kwamba watu hawakulipenda mpaka alipolibandika ubavuni vipande viwili vya gitaa la kawaida, lionekane kama gitaa. Boriti ni lilelile, nyuzi ni zilezile. Mwaka 1952 Gibson wakatoa gitaa lenye jina lake, na leo kuna watu wanaokopa benki ili kulipata. "Kwa hiyo hata huko wanasikia kwa macho," akasema mwalimu wa kwaya. Ndiyo, hata huko.

Halafu freti, na hapa Tabora ndipo pa kukaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote.

Kuanzia Juni mpaka Oktoba mvua hatuioni. Milango inalegea, viti vinalia. Shingo ya gitaa ni mti kama miti mingine: ikikauka inasinyaa upana, lakini freti ni chuma, hazisinyai. Matokeo yake ncha za freti zinatokeza pembeni. Gitaa lililotoka kwenye joto la unyevu la Dar, ambako mkono uliteleza juu yake vizuri, likikaa Tabora miezi miwili linakuwa msumeno. Nilimwambia mpwa wangu apitishe kidole gumba pembeni mwa shingo ya Jekundu, kutoka kichwani kushuka. Alifika freti ya 7 akautoa mkono na kuutazama kama kuna damu. Haikuwepo, lakini mchubuko ulikuwepo. Akapitisha kwenye Mzee: laini, kama ukingo wa bakuli la mti. Mzee limekauka na kulowa kwa misimu mingi, limeshamaliza kusinyaa, na kuna fundi wa zamani alizipiga tupa ncha zake. Ndugu zetu wa Kigoma wenye ziwa mlangoni hawalijui sana tatizo hili, ila wanunuzi wa Tabora nawaomba: gitaa jipya linunueni au lijaribuni wakati wa kiangazi. Ncha za freti zikiwa laini Septemba, zitakuwa laini mwaka mzima.

Ncha zinatibika kwa tupa ndogo na subira ya jioni moja. Freti zisizolingana urefu ni kazi nyingine. Njia ya kuzijua ni moja tu: piga kila noti. Gitaa la freti 22 lina noti za kubonyeza 132 kwa nyuzi sita, na ukitulia dakika tano zinatosha. Usipige zile unazozijua za wimbo unaoupenda, maana vidole vitakwepa ubaya bila kukuambia. Jekundu lilikuwa na noti tatu, zote kati ya freti ya 14 na 17, ambazo zilitoa mlio wa nzi ndani ya kopo. Na huko ndiko solo ya sebene inakoishi. Mzee lilikuwa na noti moja tu ya namna hiyo, kwenye uzi mnene ambao huko juu hakuna anayeufikia. Shingo ya Mninga, ingawa ni ya kuokoteza, ilikuwa safi.

Kupinda kwa shingo tulikuangalia haraka: unabonyeza uzi mnene kwenye freti ya 1 na ya mwisho kwa pamoja, unatazama nafasi iliyobaki kati ya uzi na freti ya 7 au ya 8. Vocha ya kukwangua ikipita kwa kubana, ni sawa. Pengo likiwa kubwa, au uzi ukilala kabisa juu ya freti, kuna chuma ndani ya shingo kinachorekebishwa kwa ufunguo wa pembe sita, robo mzunguko kwa wakati mmoja, siyo zaidi. Yote matatu yalifaa.

Upatanifu wa sauti ndio uliotushangaza. Gusa uzi juu kabisa ya chuma cha freti ya 12 bila kubonyeza, upige, inatoka sauti ya kengele. Kisha bonyeza palepale, upige tena. Sauti mbili ziwe moja. Ya kubonyeza ikiwa juu, kikalio cha uzi pale darajani kinasogezwa nyuma. Ikiwa chini, kinasogezwa mbele. Jekundu lilikuwa limekosewa kwenye nyuzi nne, lakini bisibisi na programu ya kutyuni ya kwenye simu vilimaliza kazi kwa robo saa. Mzee lilikuwa sawa.

Mninga lilikuwa chini kwenye nyuzi zote sita. Nikasogeza vikalio mbele mpaka skrubu zikaisha, bado liko chini. Hapo nikachukua futi ya seremala. Kutoka kichwani, pale nyuzi zinapoanzia, mpaka freti ya 12 palikuwa na sentimita 32.4. Kanuni ni kwamba kutoka freti ya 12 mpaka daraja pawe hivyohivyo, na milimita chache za ziada kwa nyuzi nene. Kwenye Mninga, hata vikalio vikiwa mbele kabisa, palikuwa na 33.4. Sentimita nzima! Kwenye kabati sentimita moja unaificha kwa ubao wa pembeni. Kwenye gitaa, kila unapopanda kwenda juu unazidi kuachana na kinanda, na wanakwaya watageuka kukutazama wewe.

Nikamwona mwalimu wa kwaya anaondoa macho kwenye Mninga. Nikamwomba asubiri.

Sasa umeme. Mwalimu aliingia chumbani, pazia likashushwa. Amplifaya moja, kebo moja, vitufe sikuvigusa tangu mwanzo mpaka mwisho, na kijana apige kipande kilekile cha solo na kilekile cha ridhimu kwa kila moja, bila kusema neno. Mara ya pili nilibadilisha mpangilio ili mwalimu asibahatishe. Ukitaka kununua gitaa, fanya hivi hata kama muuzaji atakuona una wazimu. Beba rafiki, umgeuzie mgongo.

Jekundu lilianza kwa mvumo kabla noti haijapigwa. Pikapu ya koili moja hunasa kila kitu, pamoja na umeme wa nyumba, ambao kwetu unatetemeka mara 50 kwa sekunde. Mvumo huo unakaribia sana noti ya G ya chini ya gitaa la besi, freti ya 3 ya uzi mnene. Wimbo ukiwa kwenye G unajificha humo. Wimbo ukihamia A unauona unavyokereketa. Hili siyo kosa la kiwanda chochote, ndiyo tabia ya koili moja, na ndiyo bei ya ule uangavu wake mtamu. Dawa yake aliibuni Seth Lover wa Gibson mwaka 1955: koili mbili zilizopingana, mvumo wa moja unaua wa nyingine. Lakini kwenye Jekundu mvumo haukupungua hata nilipogusa chuma cha daraja, na hiyo ina maana nyaya za ndani zimefungwa ovyo. Tulipofungua, waya wa kwenda darajani ulikuwa umelazwa tu, haukuchomelewa. Kitu cha dakika tatu kwa mtu mwenye pasi ya kuchomelea risasi. Aliyekifunga hakuwa na dakika tatu.

Mzee lilikwaruza nilipozungusha kitufe cha sauti, vumbi la miaka. Baada ya hapo likaimba. Noti za juu zilitoka moja moja kama punje za karanga kwenye kikaango, hakuna iliyomezwa na nyingine.

Mninga lilikuwa kimya kabisa bila mvumo, ila sauti yake ilikuwa kama imefunikwa blanketi. Nikashuku, nikafungua. Fundi aliliwekea volyumu ya 250K (K ni kilo-om, kipimo cha ukinzani wa kitufe cha sauti), ambayo ni ya pikapu za koili moja. Koili mbili zinataka 500K, vinginevyo uangavu unavuja kwenda ardhini. Volyumu ya 500K fundi redio yeyote sokoni anayo. Kijana akatumwa, akarudi, nikachomelea. Tukarudia jaribio, blanketi likawa limetolewa.

Uamuzi wa nyuma ya pazia: kwa solo mwalimu alichagua Mzee mara zote mbili. Kwa ridhimu mara ya kwanza Mzee, mara ya pili Mninga. Jekundu alisema "linalia kama bati," na alisema hivyo bila kujua ni lipi, sauti yake ikitoka chumbani, wakati mpwa wangu amelishika.

Wakati wa kubandua plasta, jina la Jekundu lilitoka nalo. Lilikuwa kibandiko. Kijana alilitazama pale kwenye gamu ya plasta, limekamilika herufi zote, akanyamaza.

Nisieleweke vibaya: jina si upuuzi. Kiwanda chenye jina lake kulinda huwa na mtu wa kukagua mwishoni, na vipuri vyake vinapatikana. Lakini jina na mkono uliotengeneza ni vitu viwili. FujiGen, kiwanda cha Matsumoto huko Japani, kimetengeneza magitaa yaliyouzwa kwa jina la Greco, mengine Ibanez, mengine Fender. Mafundi walewale, mashine zilezile, vichwa tofauti. Na Tabora hii ilikuwa na bendi za Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz, Kiko Kids. Nani kati ya wazee waliozicheza aliwahi kuuliza gitaa la solo limetoka kiwanda gani? Nimewauliza wengi. Wanakumbuka nyimbo, wanakumbuka viatu walivyovaa.

Sasa, ukiwa na fedha ya moja.

Chukua la aina ya Mzee kama gitaa litafanya kazi Jumapili hii. Laki sita inauma, lakini hakuna cha kuongeza zaidi ya seti mpya ya nyuzi na dawa ya kusafishia vitufe. Pikapu zake za aina mbili zinakupa uangavu wa solo, na umeme ukikatika mkahamia kwenye jenereta lenye kelele, unarusha swichi kwenye koili mbili na mvumo unakwisha. Kwa kwaya au bendi ndogo hilo peke yake linatosha kuamua. Makovu yake yasikutishe ilimradi hayako kwenye shingo. Ufa pale kichwa kinapoungana na shingo, acha, hata ukipewa bure.

La aina ya Jekundu lichukue tu kama una fundi karibu na una muda, na ulipunguzie bei. Laki nne na nusu haistahili. Kwa laki mbili na nusu ningelichukua mwenyewe, nikakaza shingo, nikapiga tupa, nikachomelea waya, nikasawazisha zile freti tatu, na mwanafunzi angepata gitaa la kujifunzia lisilo na aibu. Nimeyafanya hivyo mengi. Tatizo ni kwamba anayelinunua kwa kawaida ndiye asiyejua hayo, naye huacha kupiga baada ya mwaka akidhani vidole vyake ndivyo vibovu.

Mninga ni la mwenye moyo. Kosa lake ni moja, kubwa, na linatibika: daraja linang'olewa, matundu yanazibwa kwa vijiti vya mninga na gundi, linapimwa upya, linafungwa sentimita moja mbele. Kazi ya siku. Kosa la namna hiyo ni afadhali kuliko makosa madogo kumi yaliyotapakaa, maana unajua pa kuanzia. Lakini ukinunua gitaa la fundi wa mtaani nenda na futi, pima kabla hujapanga bei. Shingo ikiwa ndiyo aliyoichonga mwenyewe, na freti kazipanga mwenyewe kwa macho, shukuru uondoke. Daraja unaweza kulihamisha, freti 22 huwezi.

Kuhusu vidole, neno moja. Haya matatu yote shingo zake zilikuwa za urefu wa uzi wa sentimita 64.8, kipimo cha Fender. Yapo ya kipimo cha Gibson, kama 62.8. Kwa nyuzi zilezile, fupi ni laini zaidi kuvuta na sauti yake ni nzito kidogo. Refu linakaza na linang'aa. Mwenye mkono mdogo ajaribu fupi kabla hajajilaumu.

Mwalimu wa kwaya alilipa laki sita, akafunga Mzee kwenye mfuko wa Jekundu, ambao mwenye duka alikubali kuutoa kwa elfu ishirini baada ya kuonyeshwa kile kibandiko. Jekundu likarudi na basi. Nilidhani mpwa wangu atanuna, lakini alibaki barazani mpaka giza, Mninga likiwa mapajani, futi mkononi, anapima kutoka kichwani hadi freti ya 12, halafu kutoka freti ya 12 hadi darajani, anarudia kama mtu asiyeamini.

"Mjomba, seremala yule atakubali laki mbili?"

Nikamwambia amwendee asubuhi, na aiache futi nyumbani, seremala asije akadhani ametukanwa. Gundi nilikuwa nayo.